Kitufe Katika Kimya

Shangazi yake, aliyeolewa mara tatu na kwa hiyo tumwamini, alikuwa na msemo wake: mwanamke akipenda, habari za nyumbani kwake huzipata wa mwisho. Dada Masikio alikuwa akiucheka msemo huo tangu usichana. Na Jumamosi ile, saa sita na nusu mchana, kliniki ikiwa karibu kufungwa na wagonjwa wote wameshaondoka, bado alikuwa akiucheka.

Dada Masikio ni jina alilopewa na wagonjwa. Alikuwa mpimaji wa masikio, mwaka wa kumi na moja sasa, na waliokuja kwake, wazee walioletwa na wajukuu wao, mafundi wa viwandani, walimu waliochoshwa na kelele za darasa, hawakumjua kwa jina jingine. Kazi yake ilifanyika kwenye kibanda kidogo kisichozidi kabati la nguo, chenye kuta nene na mlango mzito kama wa jokofu. Mgonjwa aliingia mle, akavaa hedifoni, akashika kitufe. Akisikia mlio, hata uwe mwembamba kama wa mbu, abonyeze. Akibonyeza, taa ndogo ya kijani huwaka upande wa mpimaji, nje ya kioo. Mpimaji huandika. Basi, hayo ndiyo maisha yake yote, na aliyapenda.

Ng'ambo ya kioo, siku ile, alikaa mchumba wake.

Alikaa ubavu, kama wanavyokalishwa wote ili wasiuone mkono wa mpimaji, na Dada Masikio akapata nafasi ya kulitazama shavu lake bila kuulizwa unatazama nini. Mvi tatu kwenye ndevu. Viatu amevivua, kama kawaida yake, miguu mitupu juu ya zulia. Vidole vilivyojaa sugu za vijiti vimekishika kitufe polepole, kama kinaweza kuvunjika. Moyo wa mwanamke ulijaa hadi ukamwagika. Kesho, alijisemea. Kesho saa nne.

Wanamuziki walimwita Ghafla. Alikuwa mpiga dramu, lakini msije mkamdhania mpiga dramu wa maharusini. Yeye na wenzake wawili, Mpuliza wa saksafoni na Babu wa besi, walipiga jazi huru, muziki usioandikwa popote wala kufanyiwa mazoezi. Walipanda jukwaani bila kujua wataanzia wapi, na walichopiga leo hawakukirudia tena mpaka kiama. Miaka kumi na tisa aliifanya kazi hiyo, mara nyingi mbele ya viti vingi kuliko watu. Mjomba wa Dada Masikio alipelekwa siku moja kumsikiliza. Alikaa nusu saa nzima, mikono kifuani, kisha akamwinamia mpwa wake akauliza kwa upole, "Hivi wakimaliza kufunga vyombo vyao, wataanza saa ngapi?"

Mama yake hakuwa na upole huo. Kwa Mama, mkwe mtarajiwa alikuwa Bwana Debe.

"Wanaume wote walivyojaa duniani," Mama alilia miaka miwili, "wewe umeokota anayepiga ngoma isiyochezeka! Na mfamasia wa watu umemkataa. Sikio la kufa halisikii dawa, mwanangu. Nimesema nimechoka."

Ila dunia nayo ina vituko vyake. Mwaka huu watu wa nje waliusikia muziki wa Ghafla, wakaupenda, wakawaita yeye na wenzake: ziara ya miaka miwili, miji ishirini na mitatu. Mama aliposikia habari ya ndege akaanza kusema "mkwe". Akanunua mapazia mapya ya sebuleni. Jumapili saa nne dada mkubwa wa Ghafla na baba yake mdogo wangekuja kumposa Dada Masikio, ndoa ifungwe kabla ya safari. Kulibaki fomu moja tu. Waandalizi walitaka kila mwanamuziki apimwe masikio, na fomu iwafikie Jumatatu ikiwa na sahihi ya mpimaji.

"Mpimaji ninaye," Ghafla alikuwa amecheka. "Nimemweka mfukoni."

Alikwishampima mara tatu. Walijuana kwa kipimo, miaka mitatu iliyopita, na mara zote tatu matokeo yalikuwa ya ajabu: mpiga dramu wa miaka arobaini mwenye masikio ya mtoto wa shule. Dada Masikio aliwahi kuwaonyesha wenzake karatasi ile, na mwanamke kuringa na karatasi ya masikio si jambo la kila siku.

Alianza na sikio la kushoto. Mlio, taa. Mlio, taa. Akapunguza sauti. Taa. Akapunguza tena, ikabaki sauti ambayo yeye mwenyewe angelazimika kuzuia pumzi ili aisikie. Taa. Akahamia kulia. Taa, taa, taa, bila kukosea.

Simu yake ikatikisika mezani. Ilikuwa Mama. Kidole chake kikaachia mashine, macho yakaenda kwenye simu, na ujumbe ukaingia: VITI VINANE AU KUMI? Alitabasamu. Akainua uso.

Taa ya kijani iliwaka.

Hakuwa ametuma mlio wowote.

Taa ikawaka tena. Dada Masikio aliitazama kama mtu anayetazama mlango unaofunguka wenyewe. Mkono wake ulikuwa hewani, mbali na mashine. Ikawaka mara ya tatu. Akahesabu moja, mbili, tatu, nne kimoyomoyo, na kweli, kwenye nne, ikawaka.

Mara nne, kwenye kimya kitupu. Na ng'ambo ya kioo shavu lile alipendalo lilikuwa limetulia tuli, kidole gumba kikibonyeza kwa uhakika wa mtu anayejua anachokifanya.

Somo la kwanza kabisa la upimaji, ambalo hata mwanafunzi wa wiki moja hufundishwa, ni kutotuma milio kwa mwendo mmoja. Ukituma kwa mwendo mmoja mgonjwa atakisia. Ulegeze, uharakishe, umpoteze. Dada Masikio aliwafanyia hivyo wazee, mafundi na walimu, miaka yote. Lakini mbele ya mtu huyu mkono wake ulikuwa ukitulia. Furaha ilimtuliza. Alivuta pumzi, akatuma, akaandika, akatuma, kama mtu anayetikisa kitanda cha mtoto, na hakuwahi kuliona kosa lake mpaka dakika ile.

Alifungua mlango wa kibanda.

Ghafla aliivua hedifoni akatabasamu. "Tayari, Daktari?" Hakuwa daktari, ulikuwa utani wao. "Nimefaulu?"

Dada Masikio alizungukia upande wa kulia wa kiti chake, akasimama nyuma kidogo ya bega lake, akasema kwa sauti ya kawaida, sauti ya kuombea chumvi, "Viti vinane au kumi?"

Mwanaume aliendelea kutabasamu akitazama mbele.

"Viti vinane au kumi, mpenzi?"

Kimya. Kisha Ghafla, akihisi labda joto la mwili wake, aligeuka, akaiona midomo yake inavyotetemeka, na tabasamu likamtoka taratibu usoni.

"Tangu lini?" aliuliza Dada Masikio.

"Tangu lini nini?"

"Usinifanye mjinga! Tangu lini la kulia limekufa?"

Kwenye kibanda kile sauti hairudi, hufia palepale mdomoni, na maneno yao yalisikika madogo na ya karibu mno.

"Miaka mitatu na nusu," alisema Ghafla.

"Na la kushoto?"

"Linakwenda. Asubuhi ni afadhali. Nikitoka kupiga ni kama nimefunikwa blanketi."

"Mungu wangu." Alijishika kwenye ukuta. "Na mimi nimeandika mara tatu. Nimetia sahihi mara tatu! Ulifanyaje? Hakuna anayeweza kufanya hivyo."

"Mtu hawezi," alikubali. "Mpiga dramu anaweza. Unaanza na kushoto, kwa sauti kubwa. Ile naisikia. Naushika mwendo wako. Ukipunguza, nakwenda nao tu. Ukibadilisha sauti unageuza kile kidude cha mashine, unachelewa nusu hatua. Ukihamia kulia unachelewa hatua mbili, kwa sababu unageuza karatasi." Aliutazama mkono wake, siyo uso. "Niliujua mkono wako kabla sijaujua uso wako."

Wanawake wengine wangelitunza neno kama hilo kwenye sanduku. Yeye lilimchoma.

"Wewe," alisema, "unayemwambia kila mtu kwamba kuhesabu ni kufungwa kamba! Unayewatukana wanaohesabu!"

"Sijawahi kuhesabu jukwaani maishani mwangu. Nimekuhesabia wewe tu."

Dada Masikio alikaa chini, palepale kwenye zulia la kibanda, koti jeupe na vyote. Mambo yalianza kumjia moja baada ya jingine, na kila moja lilikuja na meno. Barabarani Ghafla alimweka daima upande wake wa kushoto. Akivuka upande mwingine, alimzunguka akamrudisha kushoto, na yeye alimhadithia Shangazi kwa majivuno: ananiweka upande wa moyo. Shangazi alisema, "Mh." Mh ile ilikuwa na akili kuliko yeye.

"Siku ile kwenye ngazi za kwetu," alisema polepole. "Umeme ulikatika. Nilikunong'oneza jambo. Sikio la kulia."

Ghafla alifumba macho.

"Ulisikia?"

"Niliona umefurahi. Nikafurahi."

"Ulitikisa kichwa! Ulinikubalia!"

"Ningefanya nini? Ulikuwa umenishika. Uliniambia nini?"

"Nilikuomba usije ukaniacha." Machozi yalimshuka bila kelele. "Nilikwambia, hata siku tukichokana, usiniache. Ukakubali. Nikalala usingizi mzuri kuliko wote wa maisha yangu."

Simu ilitikisika tena huko nje mezani. Hakuna aliyeigusa.

Ghafla alishuka kwenye kiti akakaa mbele yake, goti kwa goti, amemweka kushoto kwake hata katika hali ile, kwa mazoea. Akaanza kuongea kwa haraka, kama anavyopiga.

"Nisikilize. Miaka kumi na tano nilipiga nikisikia kila kitu. Nilisikia mpaka kijiko jikoni kwa mhudumu. Watu wakaondoka kabla ya mapumziko. Sikio lilipokufa nikaanza kupotea. Mpuliza akipuliza chini simsikii, basi nanyamaza, namtazama mabega mpaka nione amevuta pumzi. Navua viatu ili nisikie besi ya Babu kwa nyayo. Na watu, hebu fikiria, watu wakaanza kusema: amekomaa huyu! Anajua kunyamaza! Vile vimya vyangu ndivyo vilivyowaleta hao wa ziara. Wameandika barua nzima kusifu vimya." Alicheka, kicheko kibaya. "Wanamwalika kiziwi, hawajui."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeandika."

"Ningekutibu!"

"Lina dawa?"

Dada Masikio ndiye aliyekuwa akiwaambia mafundi wa viwandani, kila wiki, kwamba mishipa ya ndani ikishakufa haina dawa.

"La kulia halina," alisema. "La kushoto ukiacha leo, leo hii, linaweza kubaki hapo lilipo. Miaka mingi. Utasikia simu. Utanisikia mimi. Siku tukijaliwa utamsikia mtoto akilia. Ukienda huko, miji ishirini na mitatu, jukwaa usiku kwa usiku, hufiki wa kumi na mbili. Utarudi jiwe."

"Nitarudi jiwe lililopiga."

"Na mimi nitaongea na jiwe?"

"Sauti yako ninayo tayari." Aligusa kifua chake. "Haipotei."

"Acha maneno ya jukwaani!" alifoka. "Mimi si ukumbi! Mimi ndiye nitakayeamka na wewe, nikuite ukiwa umenipa mgongo na usigeuke! Mimi!"

Aliinamisha kichwa. Alipokiinua, macho yao yaligongana, na Dada Masikio aliona kitu ambacho hakuwahi kukiona humo: hofu ya mtoto.

"Nikiacha," alisema Ghafla, "hilo sikio litabaki la kusikilizia nini?"

Hata mimi ninayewasimulia sina jibu.

"Tia sahihi," alisema. "Nakuomba. Sijawahi kukuomba kitu. Tia sahihi, kesho wazee waje, Mama afurahi, nikuoe, niende nikapige mara hii moja mbele ya watu. Moja tu. Halafu lifungwe, liwalo na liwe."

"Mashine imeandika."

"Imeandika nimebonyeza. Haijui kwa nini."

Na hilo lilikuwa kweli. Alikuwa akiitazama karatasi ile kupitia mlango ulio wazi, mistari yake safi, masikio ya mtoto wa shule. Kalamu ilikuwa palepale.

Simu ikaita mara ya tatu, na safari hii aliinuka akaipokea, kwa sababu Mama asipopokelewa huja mwenyewe.

"Wewe! Nimekutumia ujumbe tangu saa ngapi!" Sauti ya Mama ilijaa kliniki nzima. "Viti vinane au kumi? Jirani ananipa vile vyake vya mito. Na huyo mkwe wangu hiyo karatasi yake ameshapata? Maana nimeshawaambia watu."

"Bado, Mama."

"Bado nini? Si wewe ndiye unayeandika? Andika basi! Mwanangu, nimemkataa miaka miwili, nimeona aibu yangu. Mtu anapendwa mpaka nje ya nchi mimi namwita Debe. Mwambie Mama kasema ukipenda boga upende na ua lake. Kumi, naweka kumi."

Ikakatika. Dada Masikio aliiweka simu chini taratibu sana. Aliomba miaka miwili kusikia Mama akisema hayo.

"Mama anasemaje?" aliuliza Ghafla kutoka kibandani. Sauti ile kubwa iliyojaa kliniki nzima haikumfikia.

"Kasema viti kumi."

Akasimama mlangoni mwa kibanda, akajifuta uso kwa mkono wa koti.

"Rudi kwenye kiti," alisema. "Tunapima upya. Kwa haki. Nitatuma ninavyotaka mimi, nitalegeza, nitaharakisha, hutanishika. Kitakachotoka ndicho nitakachoandika."

Ghafla alikaa, akavaa hedifoni, akashika kitufe. Mlango mzito ukafungwa kati yao.

Alidhamiria. Mungu ni shahidi, alidhamiria. Mlio wa kwanza aliutuma mapema, wa pili akauchelewesha kwa makusudi, na taa ziliwaka kwa kuchelewa, zikisitasita kama mzee anayepapasa ngazi. Wa tatu haukuwasha taa kabisa. Aliangalia kioo. Shavu lile lilikuwa limekaza. Mguu mtupu ulikuwa umebana zulia, ukitafuta pa kusikia. Jasho lilimtoka kwenye paji, mtu mzima wa miaka arobaini na tatu, akitafuta mlio mmoja duniani.

Akafikiri: viti kumi. Akafikiri: mapazia. Akafikiri juu ya usiku wote wa viti vitupu aliokaa peke yake mstari wa mbele akimpigia makofi mpaka viganja vikauma.

Na mkono wake ukatulia.

Hakuuamuru. Ulitulia wenyewe. Alipandisha sauti mpaka akajua kushoto kunasikia, akaanza upya: akavuta pumzi, akatuma, akaandika, akatuma. Moja, mbili, tatu, nne. Alimpa mwendo wake wote, uleule wa miaka mitatu, wazi kabisa, akimsihi kimoyomoyo: shika. Shika, baba. Chukua. Nitaandika, nitatia sahihi, na kazi yangu na iende na maji.

Taa iliwaka. Ikawaka ya pili, ya tatu. Ghafla alikuwa ameushika. Akaona bega lake likilegea, akaona kama tabasamu dogo likipita pembeni mwa mdomo, tabasamu la mtu aliyekutana na anayemjua njiani. Akapunguza sauti. Mwendo uleule. Akangoja.

Giza.

Akatuma tena. Giza. Akatuma wa tatu, wa nne, kila mmoja pale pake, kila mmoja mahali ambapo mtu yule angeweza kuukuta hata usingizini. Taa haikuwaka. Ng'ambo ya kioo Ghafla alikuwa amekilaza kitufe juu ya goti, na mikono yake miwili ilikuwa wazi, viganja juu, vidole havina kazi. Alikaa hivyo, miguu imetulia, akisubiri kipimo kimalizike.

Dada Masikio alimaliza. Alipitia milio yote, kushoto na kulia, kwa mwendo uleule, na machozi yalidondoka juu ya karatasi mahali ambapo palitakiwa alama.

Ghafla alitoka mwenyewe. Alivaa viatu kwanza, akafunga kamba moja moja, bila haraka.

"Uliniachia njia," alisema.

"Ndiyo."

"Ungeandika uongo kwa ajili yangu. Wewe, usiyevuka barabara taa ikiwa nyekundu."

"Ndiyo. Bado naweza. Kaa, turudie. Tafadhali kaa."

"Na Jumatatu ungempima nani? Akija mzee wa watu na mjukuu wake ukamwambia baba husikii, ungejiamini?" Akatikisa kichwa. "Mimi nimekuibia miaka mitatu. Sitakuibia na mkono. Andika ukweli, Daktari."

Akaandika. Ilichukua dakika mbili. Sikio la kulia: halisikii. La kushoto: dhaifu. Hafai. Akatia sahihi, ile sahihi yake nzuri yenye mkia, akampa. Ghafla aliikunja mara nne akaitia mfukoni mwa shati.

"Basi," alisema Dada Masikio, akijaribu kucheka. "Imekwisha. Kesho wazee waje hivyo hivyo. Mama nitamwambia mimi. Atalia, atanitukana, ataniita sikio la kufa, lakini viti ameshaviweka. Tutatafuta kazi nyingine, utafundisha, uta..."

"Mwambie Mama wazee hawaji."

Alidhani hakusikia vizuri. Yeye.

"Kwa nini? Mimi sijakukataa!"

"Najua. Ndiyo maana."

"Umesema nini? Umeniambia nisiandike uongo, nimeandika. Umeniambia ukweli, huo mfukoni mwako! Sasa kosa langu nini?"

"Huna kosa. Utanioa uniweke nyumbani, uniwekee dawa, uongee upande wa kushoto. Na mimi kila asubuhi nitautazama mkono wako na kukumbuka ulichoandika. Siku ya kwanza nitasema ni haki. Mwaka wa pili nitakuchukia. Najijua."

"Nichukie basi!" alilia, amemshika shati. "Nichukie ukiwa nyumbani! Mbona watu wanachukiana na wanakaa?"

Ghafla aliushika ule mkono, akaufungua kidole kimoja kimoja kutoka kwenye shati lake. Akaufunika kwa viganja vyake viwili, akaubusu pale kwenye kidole kinachobonyeza. Midomo yake ilikuwa ya baridi.

"Babu wa besi atanikaribisha kwake," alisema. "Nitapiga nao wiki hizi zilizobaki, mpaka wapate mwingine wa kwenda naye. Halafu sijui."

"Ulinikubalia," alisema Dada Masikio. "Kwenye ngazi."

"Ndiyo," alisema. "Ningesikia, ningekubali vilevile." Akachukua koti lake.

Korido ya kliniki ni ndefu, sakafu ya vigae, madirisha upande mmoja yanayoingiza kelele za magari. Dada Masikio alisimama mlangoni mwa chumba chake akimtazama akienda zake, mgongo ule, mabega yale, ule mwendo wake usiofuata mwendo wa mtu. Alikuwa amefika dirisha la tatu.

Alimwita. Hakuliita lile la wanamuziki. Aliita jina lake la nyumbani, ambalo ni dada yake mkubwa tu na yeye waliolitumia, na aliliita kwa sauti ya kawaida, sauti ya mtu anayeita mtu wake aje mezani.

Hakugeuka.

Akaita tena, juu kidogo. Basi moja lilipita nje likinguruma. Ghafla aliendelea kutembea, hatua hazikupungua wala kuongezeka, mpaka mlango wa mwisho, akausukuma kwa bega, mwanga wa mchana ukaingia, ukatoka.

Angeweza kukimbia. Korido ni hatua arobaini. Angemgusa bega tu, angejua. Lakini alibaki ameshika kizingiti, kwa sababu aliogopa kujua. Miaka kumi na moja amewaambia watu wanachosikia na wasichosikia, na kuhusu mtu wake mmoja aliyekuwa naye duniani hakuweza kusema kama kweli hakusikia, au alisikia akakataa kugeuka.

Simu ilikuwa ikitikisika mezani. Mama alitaka kujua viti avipange mviringo au mstari.